Sumu ya Majosho na Vijidudu Vyake

Katika mwaka wa 1897 daktari Robert Koch wa Ujerumani, akitoka Bombay alikokwenda kuchunguza tauni, alishuka bandarini Dar es Salaam. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Sultani Majid bin Said wa Unguja alikuwa ameanza kuujenga katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, na Wajerumani waliufanya makao makuu ya serikali yao mwaka wa 1891. Upande wa Magogoni, pale Ikulu isimamapo leo, ndipo gavana alipoweka kasri yake; na mbele kidogo, ufuoni penye upepo wa bahari, hospitali mpya ilikuwa ikimaliziwa mwaka ule ule. Koch alikuja kwa ajili ya malaria na maradhi mengine ya wanadamu, lakini haukupita muda mrefu jicho lake likavutwa na ng'ombe.

Alilolikuta lilikuwa jambo la kutatanisha. Ng'ombe waliozaliwa pwani walikuwa wazima, wala hapakuwa na mtu aliyewahesabu kuwa wagonjwa. Bali ng'ombe walioletwa kutoka bara, hata wakifika na afya yao kamili, aghalabu waliugua na kufa. Siku zile reli ilikuwa haijafika hata Morogoro (ilifika mwaka wa 1907), na kila mnyama wa kuchinjwa mjini alikuja kwa miguu yake mwenyewe. Koch alitazama damu ya ng'ombe wa pwani kwa darubini, akaona ndani ya chembe nyekundu vijidudu vidogo mno, vingine vyenye umbo la pete na vingine kama vijiti. Akavidhania kuwa ni watoto wa kijidudu cha homa ya Texas, ambayo Wamarekani Smith na Kilborne walikuwa wamekwisha onyesha mwaka wa 1893 kwamba huenezwa na kupe. Ndivyo alivyoandika katika ripoti za safari yake zilizochapwa Berlin mwaka wa 1898. Alikosea. Vijidudu vile vilikuwa vya ugonjwa mwingine kabisa, ule ambao wafugaji wa Tanzania huuita leo ndigana kali, na ambao wenyewe wenye ng'ombe walikuwa wakiufahamu kwa majina ya lugha zao kabla ya darubini yoyote kufika.

Kosa la mtu mwenye sifa kubwa huenda mbali kuliko kosa la mtu mdogo. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wa kusini ya Afrika kuanzia mwaka wa 1896, kisha vita vya Waingereza na Makaburu vikamaliza waliobaki. Wazungu wa Rhodesia walitafuta ng'ombe kila upande, na baadhi yao wakawanunua katika pwani ya Afrika ya Mashariki, wakawapakia melini hadi Beira. Mwaka wa 1901 kundi la mitamba wapatao elfu moja waliotoka Australia, mali ya Cecil Rhodes, lilishushwa Beira na kupelekwa Umtali, na karibu wote wakafa. Waliohusika walisema ni homa ya Texas iliyozidi ukali, kwa sababu darubini ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha sema hivyo. Koch mwenyewe aliitwa Bulawayo mwaka wa 1903, akakiri kwamba huu ni ugonjwa wa pekee, akaupa jina la homa ya pwani ya Afrika. Arnold Theiler, daktari wa mifugo aliyetoka Uswisi na kuhamia Transvaal, ndiye aliyekitenga kijidudu chenyewe, kikachukua jina lake, Theileria parva. Naye Charles Lounsbury wa Rasi alionyesha kwamba mchukuzi ni kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni. Jina la pwani likabaki katika vitabu vya Kiingereza hata leo, kana kwamba pwani ndiyo yenye hatia. Kwa hakika pwani ilikuwa imeuzoea ugonjwa huu vizazi vingi, na waliouhamisha ni wanunuzi.

Hapana dawa iliyojulikana wakati ule. Njia iliyobaki ilikuwa kumwua kupe, na sumu ya kumwulia ilikuwapo tayari. Tangu mwaka wa 1852 William Cooper wa Berkhamsted, Uingereza, alikuwa akiuza unga wa aseniki na salfa wa kuogeshea kondoo. Aseniki ilikuwa rahisi, ilipatikana kwa wingi kutoka katika viwanda vya kuyeyusha madini, na ikichemshwa pamoja na magadi huyeyuka vizuri katika maji. Joseph Baynes wa Natal alijenga josho la ng'ombe katika shamba lake la Nels Rust mwaka wa 1902, nalo lahesabiwa kuwa la kwanza katika Afrika ya Kusini. Baadaye Herbert Watkins-Pitchford, pia wa Natal, aliligundua jambo lililoyapa majosho maana yake: kupe mwenye ndigana hawezi kuambukiza mara tu aumapo. Yampasa anyonye siku tatu au nne hata vijidudu vipevuke katika tezi za mate yake. Basi ng'ombe akiogeshwa kila baada ya siku chache, kupe hufa kabla hajamaliza kazi yake. Kwa njia hiyo, pamoja na uzio na uchinjaji mkali, Afrika ya Kusini iliung'oa ugonjwa huu katika nchi yake mwaka wa 1954.

Josho ni handaki refu la saruji lililojazwa maji ya dawa. Ng'ombe hutumbukia upande mmoja, akazama mpaka pembe, akaogelea, akapanda ngazi za upande wa pili na kusimama mahali pa kuchuruzikia, ili maji yanayodondoka yarudi shimoni. Hayarudi peke yake. Hurudi na mavi, mkojo, manyoya na matope ya kwato, na baada ya mamia ya ng'ombe kupita, josho huwa ni mchuzi mzito wa uchafu wenye sumu ndani yake. Mtu yeyote angedhani kwamba katika maji yanayoweza kumwua ng'ombe anayeyanywa, hapawezi kuishi kiumbe chochote.

Lakini wenye majosho walianza kulalamika kwamba dawa inapoteza nguvu. Ilitiwa kwa kipimo cha haki, na baada ya muda kupe walitoka majini wakiwa hai. Mkemia akiyapima maji hayo kwa ayodini alikuta nguvu zimepungua. Lakini akiipima aseniki yote kwa jumla, aliikuta ipo kamili. Hapakuwa na mwizi, wala shimo halikuvuja. Swali likaenda Onderstepoort, karibu na Pretoria, katika maabara aliyoiasisi Theiler mwaka wa 1908. Mkemia mmoja wa hapo, H. H. Green, aliyachukua maji ya josho, akayapandikiza katika chupa za chakula cha vijidudu, akangoja. Mwaka wa 1918 alitoa maelezo mafupi, yasiyozidi kurasa chache, ambayo wakati ule hayakusomwa na wengi. Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa vita katika Afrika ya Mashariki, wakati wapagazi wa jeshi la Waingereza walikuwa bado wamejazana katika kambi ya Dar es Salaam ambayo jina lake la Kiingereza lilikuja kutamkwa Kariakoo. Green aliandika kwamba katika josho moja amepata bakteria wa namna mbili. Mmoja huigeuza aseniki kutoka katika hali moja hadi nyingine. Na wa pili huirudisha pale ilipotoka.

Hapa yafaa kueleza hali hizo mbili, kwa maana ndizo kiini cha habari yote. Aseniki inayowekwa joshoni huitwa asenaiti. Ni aseniki yenye oksijeni kidogo. Hushikamana na salfa iliyomo katika protini za mwili, ikavizuia vimeng'enya kufanya kazi, nayo ni sumu kali kwa kupe na kwa kila chenye uhai. Ikiongezewa oksijeni huwa asenati. Hii nayo ni sumu, lakini kwa njia nyingine: umbo lake lafanana mno na fosfeti, ambayo kila seli huihitaji kwa ajili ya nguvu zake na kwa ajili ya jeni zake. Hivyo asenati huingia kwa mlango wa fosfeti kama mgeni aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba, na huharibu mambo akiwa amekwisha karibishwa ndani. Kwa kupe wa joshoni asenati ni dhaifu kuliko asenaiti. Ayodini ya mkemia huitambua asenaiti tu. Ndiyo sababu vipimo viwili vya maji yale yale vilitoa majibu mawili, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Bakteria wa kwanza wa Green alifanya kazi penye hewa. Ng'ombe wanapotumbukia na kuyavuruga maji, oksijeni huingia, na kijidudu hiki huitumia kuigeuza asenaiti kuwa asenati. Wataalamu wa siku hizi wamekijua kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Kina molibdeni ndani yake, nacho huwekwa nje ya utando wa ndani wa seli, ili sumu igeuzwe mlangoni kabla haijaingia sebuleni. Kwa vijidudu vingi hiyo ni kinga tu. Ila wapo wengine ambao kwao kinga imegeuka kuwa chakula. Mwaka wa 2000 watafiti wa Australia walieleza habari za kijidudu walichokipata katika mgodi wa dhahabu wa kaskazini ya nchi yao, ambacho huishi kwa asenaiti, oksijeni na hewa ya ukaa peke yake, bila ya kuhitaji chakula kingine cha kumpa nguvu. Sumu kwake ni kama makaa kwa mpishi.

Bakteria wa pili alikuwa na tabia ya kinyume, na tabia hiyo iliwatatiza wataalamu kwa muda mrefu. Kwa nini kiumbe chenye akili ya kuishi akaigeuza sumu hafifu kuwa sumu kali? Jibu halikupatikana katika majosho, bali katika hospitali. Mwaka wa 1968 Novick na Roth walionyesha kwamba bakteria wa majipu, Staphylococcus aureus, huchukua vipande vidogo vya jeni viitwavyo plazimidi, na kwamba plazimidi zile zile zinazowakinga na penisilini huwakinga pia na aseniki, zebaki na madini mengine. Mwaka wa 1973 plazimidi ya namna hiyo ilielezwa katika bakteria wa utumboni, Escherichia coli. Katika miaka ya 1980 na 1990 kazi ya jeni hizo ilifumbuliwa hatua kwa hatua. Seli haina njia ya kuitoa asenati bila ya kuitoa na fosfeti, kwa kuwa vinafanana. Basi huivua kwanza ile kanzu ya kuazima: huipunguzia oksijeni, ikawa asenaiti, sumu kali kweli, lakini sumu isiyofanana na kitu chochote ambacho seli hukihitaji. Hapo pampu iliyo katika utando huitambua na kuitupa nje mara moja. Jeni ya tatu hufanya kazi ya bawabu. Huziacha jeni nyingine zimelala, na aseniki inapoingia huziamsha. Yote hayo hufanyika penye hewa na pasipo na hewa vile vile, na jeni zenyewe zimeenea katika bakteria wa kila aina hata inaelekea kwamba asili yake ni ya kale mno.

Ipo na namna ya tatu, ya wale wasiotaka oksijeni kabisa. Chini ya josho, katika tope la mavi lililojikusanya sakafuni, hewa haifiki. Kiumbe anayeishi pale hana kitu cha kuvuta pumzi, maana kuvuta pumzi, kwa maana ya ndani, ni kuzipeleka elektroni za chakula mahali fulani, na oksijeni ndiyo mahali pa kawaida. Mwaka wa 1994 watafiti wa Marekani walieleza bakteria aliyetoka katika matope ya mto wa Massachusetts, ambaye huzipeleka elektroni zake kwa asenati. Kwake asenati si adui wa kufukuzwa, ni hewa ya kuvuta. Wengine wakapatikana katika ziwa la magadi la Mono, California. Na katika ziwa hilo hilo wakapatikana wanaofanya kinyume chake bila ya hewa, wakiigeuza asenaiti kuwa asenati kwa msaada wa naitreti, au, kama ilivyotangazwa mwaka wa 2008, kwa msaada wa mwanga wa jua. Jambo hili la mwisho limewafanya wataalamu wafikiri kwamba mzunguko wa aseniki uliweza kutimia duniani kabla hewa yetu haijapata oksijeni.

Ziwa la Mono lilizaa pia kelele. Mwaka wa 2010 ilitangazwa kwamba amepatikana huko bakteria anayeijenga jeni yake kwa aseniki badala ya fosforasi. Wengi walishangilia, wachache wakauliza maswali. Mwaka wa 2012 majaribio ya wengine yalionyesha kwamba kijidudu kile huihitaji fosforasi kama viumbe wote, ila ni hodari wa kuitafuta hata ikiwa kidogo sana katikati ya aseniki nyingi. Na mwaka wa 2025 jarida lililochapa habari ile liliiondoa. Ukilinganisha mkasa huo na ule wa Koch, utaona tofauti moja: Koch alikwenda mwenyewe Bulawayo kuyaona matokeo ya neno lake, akalibadili kwa mkono wake.

Tukirudi joshoni, maelezo ya Green sasa yasomeka kwa urahisi. Juu, penye hewa na mvurugo, asenaiti yawa asenati na dawa yadhoofika. Chini, katika tope, asenati yawa asenaiti na dawa yarudi. Mwenye josho aliyeziona nguvu zikipungua, akaongeza sumu bila ya kujua kwamba ile ya kwanza ingalipo, alijiwekea hatari: tope likifanya kazi yake, maji yangeweza kuwa makali kuliko alivyokusudia, yakaunguza ngozi za ng'ombe. Na aliyeacha kuongeza aliwaacha kupe. Katika Queensland, Australia, mtafiti A. W. Turner aliifuata habari hii tena, na mwaka wa 1949 na 1954 akaeleza bakteria wengi wa namna ile ya kwanza waliotoka katika majosho ya huko. Lakini hapo aseniki ilikuwa inaagwa. Kupe wa buluu wa Afrika ya Kusini walikuwa wamekwisha izoea tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, jambo lisilohusiana na vijidudu vya maji bali na ukoo wa kupe wenyewe. Na baada ya vita vya pili sumu mpya za viwandani zikachukua nafasi yake katika Afrika ya Mashariki kama kwingineko. Hizo nazo zina habari yake, tena si nzuri.

Aseniki ilipita katika miili ya watu pia. Koch aliporudi Dar es Salaam mwaka wa 1905, na kuendelea hadi visiwa vya Sese katika Uganda mwaka wa 1906, aliwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya aseniki iliyoitwa Atoxyl. Baadhi yao walipata nafuu, na baadhi, walipoongezewa kipimo, walipofuka. Katika maabara ya Ehrlich huko Ujerumani ilionekana upesi kwamba vijidudu vya malale navyo huweza kuizoea aseniki. Navyo hufanya hivyo kwa njia ya kuufunga mlango unaoingizia dawa, si kwa kuigeuza kama bakteria wa josho.

Leo ng'ombe wa Dar es Salaam huja kwa malori hadi mnada wa Pugu, na mnunuzi wa nyama Kariakoo hana haja ya kujua habari ya kupe wa masikioni. Ila aseniki haikutoka nchini, kwa kuwa sehemu kubwa yake haikuletwa na mtu. Dhahabu ya kandokando ya Ziwa Viktoria, Geita na Mara, hukaa katika miamba yenye madini ya salfa, mengine yakiwa na aseniki ndani yake; na mwamba ukipasuliwa na kumwagwa penye hewa na mvua, bakteria huanza kazi ile ile ya josho la Natal. Uchunguzi uliofanywa katika sehemu za migodi za bonde la ziwa umekuta aseniki katika baadhi ya maji ya kunywa kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho tangu mwaka wa 1993 ni mikrogramu 10 kwa lita. Mfano mkubwa wa hatari hiyo uko mbali, Bangladesh, ambako visima vilivyochimbwa ili kuwaepusha watu na maradhi ya maji machafu vilifika katika tabaka za udongo zisizo na hewa, mahali ambapo bakteria walikuwa wakiiachilia aseniki kutoka katika kutu ya chuma na kuitia majini. Mtu akichota maji safi kwa macho hawezi kuiona wala kuionja.

Watengenezaji wa vichujio wameanza kuwatumia bakteria wa namna ile ya kwanza kwa faida, kwa kuwa asenati hushikwa na kutu ya chuma kwa urahisi kuliko asenaiti. Maji hupitishwa kwanza kwa vijidudu, kisha kwa chuma. Lakini kinachonaswa ni lazima kiwekwe mahali. Bakteria hawezi kuiangamiza aseniki, kwa kuwa ni elementi. Aweza kuivika na kuivua tu. Katika majosho ya kale ya Afrika ya Kusini na Australia, yaliyoachwa zaidi ya nusu karne iliyopita, udongo wa mahali pa kuchuruzikia ungali na aseniki yake. Wakati wa kiangazi udongo hupasuka, hewa ikaingia, na asenati ikajishika na chuma cha ardhi. Masika yakifika, maji hujaza nyufa, hewa hutoka, na wale wa tope huamka na kuanza kuirudisha.